Funda la Kwanza

Kwa kina Fides, pombe ya jibu haipikwi na mtu mwingine. Mama anaweza kuotesha kimea na shangazi anaweza kuchochea moto, lakini mkono unaokoroga chungu lazima uwe wa binti anayeposwa, na mdomo unaoonja kwanza mbele ya wageni lazima uwe wake. Akimeza, amekubali. Hotuba hazihitajiki. Wazee hutazama koo tu, na wakiona limepanda na kushuka hupiga makofi, mambo yakawa yamekwisha.

Pombe ya Fides ilikuwa tayari tangu jana. Ilikuwa imeumuka vizuri, povu lake jepesi, harufu yake imejaa nyumba nzima. Mama yake, Roda, alifunua chungu akachungulia, akasema, "Mwanangu, hii hata padri angeomba kata ya pili." Fides hakucheka. Alichukua ndoo akaenda kisimani kuchota maji ya kuoshea vibuyu, ingawa maji yalikuwapo nyumbani. Alitaka kuwa mahali pasipo na mtu wa kumpongeza.

Ilikuwa Juni, na baridi ya Juni huko Tunduma haijui huruma. Ukungu ulikuwa bado umelalia majani. Alikuwa ameinama, ndoo imefika nusu, aliposikia mtu akikohoa kwa adabu, kama abishaye hodi mahali pasipo na mlango. Kikohozi kile alikijua.

"Asajile," alisema bila kugeuka. "Umefuata nini huku?"

"Nimefuata maji."

"Huna ndoo."

"Basi nimemfuata mwenye ndoo."

Zamani jibu kama hilo lingemfanya acheke mpaka akae chini. Sasa lilimchoma. Aligeuka, wakatazamana, na kila mmoja akaona jinsi miezi ya kutoonana ilivyomtenda mwenzake. Asajile alikuwa amekonda. Koti alilopewa na tajiri wake lilimpwaya mabegani, na kofia aliishika kwa mikono miwili kama mtu aliye msibani.

"Nasikia ni leo," alisema.

"Ni leo."

"Barnaba wa Itaka."

"Huyohuyo."

"Ni mtu mwema?"

Fides alifikiri. Kusema uongo kungekuwa rahisi, lakini alikuwa amekwisha kuuchoka uongo. "Ni mwema. Seremala, mpole. Mkewe alifariki, hakuacha mtoto. Hajanikosea kitu."

"Hilo ndilo baya," Asajile alisema. "Angekuwa mkorofi ningekuwa na la kusema."

Chura alitumbukia kisimani.

"Mzee Stavro anafunga duka," Asajile aliendelea. "Anahamia Ndola. Mizigo imekwisha kupakiwa, lori linavuka mpaka leo alasiri. Anasema kule kuna hoteli nyingi, na watu wa migodini siku hizi wanakunywa divai kama maji. Anautaka mdomo wangu."

Fides aliutazama mdomo ule. Mungu amsamehe, aliutazama kwa muda mrefu kuliko inavyompasa binti ambaye waposaji wake wako njiani. Ndio mdomo uliomfanya apende, na ndio uliowaponza wote wawili.

*

Kazi ya Asajile ilikuwa ya ajabu kiasi kwamba kijijini watu hawakuwa na jina la kuiita. Stavro, Mgiriki mwenye duka pale barabarani, alikuwa akiwauzia divai wazungu wa mashamba ya kahawa ya Mbozi na wasafiri wa kwenda kusini. Divai yenyewe ilitoka mbali: ya Kepu, kule Afrika Kusini, ilipanda treni hadi Broken Hill ng'ambo ya mpaka kisha ikaletwa kwa lori, ya Ureno ilipitia bandari ya Beira, ya kisiwa cha Kupro sijui ilizunguka bahari gani. Kwa jua lile na mashimo yale ya njiani, nusu ya makasha yalifika yakiwa siki. Na Stavro mwenyewe alikuwa amevuta sigara nyeusi tangu ujana, mpaka ulimi wake ukawa kama soli ya kiatu. Ndipo akagundua kwamba kijana wake wa stoo, huyu Mndali kutoka milima ya Ileje, akipewa tone tu anajua hii nzima na hii imekufa. Akamfundisha. Funda mdomoni, zungusha, vuta hewa kidogo, tema, sema.

Fides alimkuta kwenye kutema. Alikuwa ametumwa na mama yake kuuza mayai, akazunguka nyuma ya duka kumtafuta mtu wa kuyapokea, akamwona kijana mrefu ameshika bilauri, mashavu yamevimba, macho yamefumbwa kama anayesali. Kisha kijana akainama akatema kwenye debe la mchanga.

"Pole," Fides alisema. "Imeoza?"

"Hii? Hii ndiyo nzuri kuliko zote za leo."

"Nzuri, na umeitema?"

"Nimeitema kwa heshima," alisema Asajile, akapangusa mdomo. "Mbaya naitema kwa haraka."

Fides alicheka hadi yai moja likapasuka. Lililipiwa na Asajile, pamoja na mengine ambayo hayakupasuka, na tangu siku ile mama Roda alishangaa jinsi kuku wake walivyoanza kuhitajika sana kwa Mgiriki.

Mapenzi yao yalikuwa hayo. Wengine wanatembea mtoni, wengine wanaandikiana barua. Wao walionja. Asajile angemwekea kijitone kwenye kifuniko cha chupa, amwambie, "Hii ni ya Kepu, nyeupe. Zabibu yake wanaiita hanepoti. Unasikia asali? Na nyuma ya asali, kuna ganda la chungwa." Siku nyingine: "Hii nyekundu ya Ureno inakwaruza ulimi kama pera bichi. Iachwe ikue." Aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Kupro, ya zabibu nyeusi iitwayo mavro, ambayo watu wa kule huianika juani mpaka ikunjamane ndipo waikamue. "Mzee Stavro anasema zabibu haisahau ilikoota," angemwambia. "Unaweza kuivusha bahari, ukifungua chupa utakuta udongo wake umo humo."

"Hata ulezi," Fides akamjibu. Naye akaleta vyake. Kwa kibuyu kidogo alichokificha chini ya mayai, alimletea pombe ya mama yake, akamfundisha kwamba ulezi wa Itaka unakuja haraka na uchachu wake, na ule wa Igamba una utamu unaochelewa, unaukuta kooni wakati umeshakata tamaa. Asajile alionja, akavuta hewa, akatema.

Siku hiyo walikaribia kugombana. "Pombe ya mama yangu haimwagwi mchangani!"

"Kazi imenizoeza, Fides. Nisamehe. Hata chai nusura niiteme."

Akamsamehe. Kupenda ni kuzoea, na yeye alizoea. Alimwona akitema mara nyingi hivi kwamba aliacha kuona. Kumbukeni hilo, kwa maana ndipo penye shina la machozi yote.

Nyumbani, kwa baba yake, Mzee Nikodemo, habari zilikuwa nyingine. Kule ilijulikana kwamba Fides alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Roda ndiye aliyesema hivyo. Roda aliona jinsi mwanawe anavyorudi na macho yenye nuru, akakumbuka usichana wake, akamdanganya mumewe kwa moyo mweupe. "Yuko kanisani," alisema kila alipoulizwa, na Nikodemo akaridhika. Alikuwa mtu wa dini na wa heshima, na nyumbani kwake neno la mkewe halikuwa likipimwa mara mbili.

Basi mwaka jana, kabla mvua hazijaanza, Asajile alikuja kuposa. Wazee waliambiwa kuwa alimwona Fides sokoni, akampenda kwa mbali kama inavyotakiwa. Huko kwa kina Fides anayeposa huja na kinywaji, na mwenye kuleta kinywaji huonja kwanza, mbele ya wazee, ili wajue hakuna ubaya ndani yake, wala ndani ya kinywaji wala ndani ya mtu. "Wewe onja tu kwanza, kabla ya kumpa baba," Fides alimwambia. "Watakuwa wanakutazama." Hakumwambia ameze. Nani anamwambia mtu mzima ameze? Ni kama kumwambia avute pumzi.

Asajile alileta chupa ya Kupro. Alikuwa amekatwa mshahara kwa ajili yake, akaibeba ndani ya mfuko wa mahindi ili asionekane nayo barabarani. Aliizibua mbele ya wazee kwa ustadi, kizibo kikalia, wazee wakafurahi. Akapiga funda la kwanza. Na hapo Mzee Osea, kaka mkubwa wa Nikodemo, mwenye mdomo usiojua kungoja, akasema, "Haya kijana, tuambie, umetuletea nini?"

Mtu hawezi kusema na mdomo umejaa. Asajile akageuka kando kwa adabu zote, akatema karibu na kizingiti, akapangusa midomo, akaanza kwa sauti nzuri kabisa, "Hii, wazee wangu, ni divai ya Kupro, ya zabibu nyeusi..."

Hakuna aliyesikia ya zabibu. Osea alikuwa amekwisha kusimama.

"Ametema," alisema. "Nikodemo, mwanamume huyu ametutemea mlangoni."

Pale, mwenye kutema funda la kwanza anasema mambo mawili, na yote ni mabaya: ama najua nilichotia humu, ama moyo wangu umeikataa nyumba hii. Asajile alianza kujieleza, lakini sauti za wanaume zilimfunika. Nikodemo peke yake hakupiga kelele. Alimwita binti yake kutoka ndani, akamwuliza mbele ya wote, taratibu, kama mtu anayetafuta njia ya kusamehe.

"Fides. Unamjua mtu huyu? Umewahi kumwona akifanya hivi?"

Neno moja lingetosha. *Ndiyo, baba, ndiyo kazi yake, nimemwona mara nyingi.* Lakini swali la pili lingekuja palepale: umemwona wapi? Na nyuma ya swali hilo alisimama mama yake, kwenye mlango wa jikoni, mkono mdomoni.

"Hapana, baba," Fides alisema. "Sijawahi kumwona."

Asajile alimtazama. Kisha akachukua kofia yake.

*

"Sikuja kukulaumu," Asajile alisema sasa, pale kisimani. "Nimekuja kukuambia jambo ambalo ningekuambia zamani. Nilikuambia natema kwa sababu ya kazi. Ni kweli, lakini ni nusu."

"Na nusu ya pili?"

"Mama yangu." Aliizungusha kofia. "Baba alikunywa, Fides. Alikunywa mpaka usiku mmoja akashindwa kufika nyumbani, na unaijua baridi ya milima ya kwetu. Walimkuta asubuhi kwenye majani. Mama akaingia kanisa la Wamoraviani, wasiogusa pombe, na alipougua ugonjwa wake wa mwisho, akanishikisha kitabu cha nyimbo. Akasema, 'Asajile, kileo chochote kisipite kwenye koo lako.' Nikaapa." Akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayejidhihaki. "Alisema koo. Mdomo hakuutaja. Ndiyo maana nilipopata kazi ya Stavro niliona Mungu ananipenda."

Fides alikaa juu ya jiwe.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Wewe unanipa pombe ya mama yako, unanitazama usoni usikie nitasemaje. Ningesema kwetu kinywaji hiki ndicho kilichomuua baba? Niliogopa ungeacha kuja. Siku ile ya kuposa nilijua nitaonja, nikasema nitaishika mdomoni, nitatafuta upenyo, nitatoka nje kidogo. Mzee Osea akaniuliza swali."

"Mzee Osea," Fides alisema, na kicheko kikamtoka pamoja na machozi, "hajawahi kungoja mtu ameze."

Wote wawili walicheka. Kisha kicheko kikaisha, wakabaki na kile kilichokuwa chini yake.

"Asajile," Fides alisema, "na mimi nina nusu yangu. Baba aliponiuliza... nilijua. Nilikuona ukitema siku zote. Nilijua kabisa si dharau. Nikasema sijawahi kukuona."

"Nilikuwapo, Fides. Nilisikia."

"Na hujanichukia?"

"Nilijaribu. Nilijaribu masika nzima." Alivuta pumzi. "Nilimwona mama yako pale mlangoni. Nikaelewa. Lakini kuelewa hakuniponyi. Kila chupa ninayofungua, nakusikia ukisema hunijui."

Wahenga walituonya kwamba neno likitoka halirudi. Habari za lile lililopaswa kutoka likabaki ndani, hawakutuambia. Fides angewaambia wahenga hao kwamba linakaa kifuani, linakua, na kila asubuhi linaamka kabla yako.

"Sikiliza," Asajile alisema, akachuchumaa mbele yake, karibu, lakini bila kumgusa. "Sikuambii tutoroke. Sitaki kukuiba. Nataka sentensi moja. Mwambie baba yako ulikuwa ukiniona kazini, na kwamba kazini natema. Basi. Akinitukana baada ya hapo, anitukane mimi nilivyo, si mtu anayemdhania. Lori litasimama pale kwenye kona ya mlima kupoza injini, dereva amekubali. Nitakuwa pale. Ukisema, mtume mtu aniite, nitakuja kwa miguu yangu. Na kama baba yako anataka nimeze..." Aliikunja kofia mikononi. "Kama anataka nimeze, leo nitameza."

"Usimeze!" Fides alimshika mkono kabla hajajua anachofanya. Ulikuwa mkono uleule, mkavu, unaonukia kizibo. "Mama yako amelala na neno lako. Aliyekosa hapa ni mimi. Nitasema, Asajile. Leo nitasema."

"Kweli?"

"Kweli."

Alimtazama kwa namna ambayo Fides hakuwahi kutazamwa nayo na mtu mwingine tena. Kisha akasimama, akamjazia ndoo, akamtwika, akaondoka kwa njia ya juu. Hiyo ndiyo ikawa mara ya mwisho kumtwika.

*

Wageni kutoka Itaka, waliokuja kuchukua jibu la posa, walifika jua likiwa limeegemea upande. Barnaba alikuja na mjomba wake Mika na wazee wengine, wamevaa makoti, viatu vina vumbi la safari. Barnaba alikuwa mtu mkubwa, mikono yake mipana ina makovu ya patasi, na alikaa kwenye kigoda kana kwamba anaogopa kukivunja. Alimwamkia Fides kwa sauti ya chini, akaangalia chini. Alikuwa amemletea mama Roda kinu kipya cha mninga, kilichochongwa kwa uangalifu hata chini, mahali ambapo hakuna atakayepaona. Fides alikiona akatamani kingekuwa kibaya.

Jikoni, Roda alikuwa akichota pombe.

"Mama," Fides alinong'ona. "Nataka kumwambia baba ukweli. Kuhusu Asajile. Kuhusu dukani."

Roda aliweka kata chini. Hakukasirika, na angekasirika ingekuwa afadhali.

"Mwambie," alisema. "Kama ni lazima, mwambie, mwanangu. Mimi nimeishi na baba yako miaka yote hii na hajawahi kunishuku. Akijua nilimdanganya kila wiki, na kwa jina la kanisa..." Alifuta uso kwa ncha ya kanga. "Lakini mwambie. Nami nina kosa."

Akamkabidhi kata.

Sebuleni, Fides alipiga magoti katikati. Nikodemo alijikohoza, na badala ya kumwashiria aonje, akainua mkono.

"Ngojeni kidogo, wageni wangu. Fides, mwanangu. Mnajua ndani ya nyumba hii niliwahi kutemewa. Sikuficha, wa Itaka wanajua. Tangu siku ile moyo wangu haujatulia, nasema labda kuna kitu sikukielewa. Leo, kabla hujaonja, nakuuliza mbele ya watu: una neno lolote? Kama unalo, sema sasa. Sitakasirika."

Mungu alimpa njia iliyofagiwa, maskini. Hata Osea alikuwa amenyamaza. Na kutoka barabarani, wakati uleule, Fides akasikia lori likipanda mlima, likanguruma, likapunguza, likasimama.

Alifungua mdomo. Aliiona sentensi yote, kama ameishika mkononi. Aliwaona wazee wa Itaka wakiwa wameinama kusikiliza, watu wageni ambao wangeondoka na jambo hili na kulisimulia kila penye moto: mke wa Nikodemo, muongo, aliyemuuza binti yake dukani kwa Mgiriki. Alimwona baba yake, uso wake umelegea kwa matumaini, akiwa hajui kwamba anachokiomba kitamvunjia nyumba. Alimwona mama yake mlangoni pa jikoni, mahali palepale, lakini safari hii mkono haukuwa mdomoni. Roda alikuwa ameushusha. Alikuwa amekubali kuaibika.

Hilo ndilo lililomshinda.

"Sina, baba," Fides alisema.

"Basi onja."

Akapiga funda. Ilikuwa pombe nzuri. Hata siku ile, hata kwa machozi yaliyokuwa yanamjia, ulimi wake haukuweza kudanganya: uchachu mwepesi mbele, moshi kidogo, kisha patupu. Aliishika mdomoni. Hakuwa amekusudia kuishika, koo tu lilikataa. Kizingiti kilikuwa karibu. Kuinama kidogo, kugeuka kando, kutema kwa heshima, na hapo kila mtu angelazimika kuuliza, na yeye angelazimika kujibu, na kule kwenye kona mtu mmoja angeitwa. Mashavu yalimuuma. Watu wakaanza kutazamana.

Akameza.

Makofi yalilipuka. Osea alipiga kigelegele kama mwanamke, shangazi wakaingia wakiimba, Nikodemo akafumba macho na kushukuru. Utamu wa Igamba ulimfikia Fides kooni wakati huo, umechelewa kama kawaida yake.

Ilibaki kumpa kata mposaji. Akamsogelea Barnaba kwa magoti, akainyoosha kwa mikono miwili. Barnaba aliipokea, lakini hakunywa. Katika makelele yale aliinama kidogo, akasema kwa sauti ya mtu na mtu:

"Umeishika mdomoni muda mrefu."

"Nilikuwa naionja."

"Umesikia nini?"

"Ulezi wa Igamba," Fides alisema.

Barabarani injini iliwaka. Ilinguruma pale ilipo kwa muda, kama inayosubiri ihakikishe, kisha ikaanza kutembea. Barnaba aligeuza uso kuelekea mlio ule, akausikiliza mpaka ukateremka upande wa mpakani, kisha akamrudishia Fides macho. Yalikuwa macho ya upole, na Fides hakuweza kuyakwepa.

"Mimi ni seremala," alisema. "Ubao ukilazimishwa, mimi huusikia ukilia kabla haujapasuka." Akaitazama kata. "Ungeitema, Fides, nisingekulaumu. Ningechukua kofia yangu, nikarudi Itaka. Kinu ningemwachia mama."

Fides alibaki magotini, macho kwenye kata.

Wazee walikuwa wamegeuka wote kumtazama Barnaba, kwa maana sasa ilikuwa zamu ya koo lake. Kumrudishia binti kata mbele ya watu kungekuwa kumwaibisha yeye na nyumba yake yote. Barnaba aliinua kata polepole, akaiweka mdomoni, akaishika humo kidogo, naye akameza.